Wadai Sitini na Mmoja wa Norbert Lampereur

Norbert Désiré Lampereur, mwana wa Clément, yule aliyemjengea jirani ghala lililoangushwa na tufani kabla hajagusa la kwake. Clément mwana wa Florian, aliyelea watoto saba kwa maziwa ya ng'ombe wanne na hakuwahi kuchukua hata chumvi kwa mkopo. Florian mwana wa Jean-Joseph, aliyeshuka kisimani na mkewe na sufuria yao ya chuma siku ule moto mkuu wa mwaka 1871 ulipokula misitu na nyumba zetu. Jean-Joseph alitoka kesho yake mke mzima, sufuria nzima, nyusi hana.

Sufuria hiyo ipo mpaka leo. Inameza galoni hamsini na haijapata kulala chafu. Kila sikukuu ya mavuno katika parokia yetu ya Mtakatifu Hubert, sisi Wabelgiji wa Wisconsin, inapikiwa buya, na kama hujawahi kula buya pole sana: ni kuku wazee, mkia wa ng'ombe, kabichi, karoti, viazi, vyote vinachemka nje kwa kuni mpaka mwiko usimame wenyewe. Wanawake tunamenya na kuchambua mifupa. Mwiko wanashika wanaume. Ndivyo ilivyokuwa, na Norbert aliushika miaka thelathini na moja bila kulipwa hata kofia.

Mimi ni Eugénie Delwiche, dada mkubwa wa Rosalie, mke wa Norbert. Shule yangu iliishia darasa la nane, tena darasa zote nane chumba kimoja, lakini niliyoyaona sijasahau hata moja, na haya niliyaona.

Norbert alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda kidogo cha jibini pale njia panda. Masika ya mwaka 1986 kiwanda kikafungwa. Akakaa miezi saba bila kazi, na bila kazi hakuna bima. Katika mwezi wa tano wa hiyo saba moyo wa Rosalie ukaona huo ndio wakati mzuri wa kuharibika. Hospitali wakamfungua, wakamtengeneza, wakamshona. Alirudi nyumbani na mshono kifuani kama zipu ya koti, na mdomo wake uleule.

"Norbert," alisema akiwa bado kwenye kiti cha magurudumu, "ulimlisha nini paka hapa? Mbona amenenepa kuliko mimi?"

Basi nikajua dada yangu amepona.

Bili ndiyo haikupona. Norbert alipata kazi katika kiwanda kikubwa karibu na mji, mshahara mdogo kuliko wa zamani, na alikuwa ameshalipia dawa na mafuta ya kupasha nyumba kwa kadi ya benki. Hospitali na kadi, jumla dola elfu kumi na tatu na mia nane. Kufika Oktoba ya mwaka uliofuata barua ikaja: kuanzia Krismasi, sehemu moja ya tano ya mshahara wake itakatwa kabla hajauona. Ikikatwa hiyo, kodi ya kaunti kwa nyumba hailipiki, na nyumba inauzwa. Nyumba aliyoijenga babu yake kwa matofali mekundu, wala haina ufa.

Wenzake kiwandani wakampa ushauri wa bure. "Tangaza kufilisika, mzee. Jirani yangu alitangaza Jumatatu, Ijumaa kanunua mashua."

Norbert akaja jikoni kwangu, akakaa, akazungusha kofia mkononi.

"Shemeji, mtu akitangaza kufilisika, yule daktari aliyemshona Rosalie anapata nini?"

"Anapata sifuri."

"Na moyo anabaki nao nani?"

"Rosalie."

"Basi huo ni wizi wa moyo," akasema. "Sifanyi."

Kwa hiyo akaenda mjini Green Bay kwa wakili, binti mmoja wa Kijerumani aitwaye Buettner, mabega kama mkata miti na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Yule binti akamwambia kwamba jimbo letu la Wisconsin lina njia yake yenyewe, ya siku nyingi, na wengi hata hawajui kama ipo. Huendi kwenye ile mahakama ya kufilisika ya serikali kuu. Unakwenda hapahapa mahakama ya kaunti, unaomba miaka mitatu. Jaji akikubali, msimamizi anapokea fungu lako kila mwezi kutoka kwenye mshahara, anawagawia wadai. Riba inasimama. Hakuna anayeruhusiwa kukugusa.

"Na nalipa kiasi gani?" Norbert akauliza.

"Yote. Miezi thelathini na sita, mpaka senti ya mwisho."

Wakili aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona mtu akitabasamu aliposikia neno yote.

"Lakini, Bwana Lampereur, ukiacha kulipa mpango unavunjika, nao wanarudi kwenye mshahara wako. Kwa hesabu zako huwezi kutoa zaidi ya mia nne na thelathini kwa mwezi. Kwa deni hili itakuwa kama mia nne na kumi na moja, pamoja na ujira wa msimamizi. Inabana lakini inaingia."

"Na kule kwetu watu watajua?"

"Wajue vipi? Barua zinakwenda kwa wadai tu." Akampa fomu. "Jaza nyumbani. Andika kila anayekudai. Usiache hata mmoja, maana utaapa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wakili alisema kila anayekudai, na aliyekuwa anaambiwa ni Lampereur.

Kwetu mtu akipatwa na shida hatuendi kumpa kitu mkononi, hiyo ni kumwaibisha. Unaweka barazani unaondoka mbwa hajabweka. Miezi ile saba baraza ya Norbert haikukauka: kuni, viazi, paja la kulungu, kuku, galoni za sharubati tamu ya utomvu wa mti wa mepo. Na vyakula vilivyopikwa vilikuja na vyombo vyake. Sasa wanawake wa parokia yetu wote hubandika kipande cha utepe chini ya chombo, jina limeandikwa juu yake, ili kisipotee kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Wanaacha chakula kimyakimya kama wezi, na jina limebandikwa chini! Norbert alikuwa akipindua kila chombo, anasoma, anaandika nyuma ya kalenda ya duka la chakula cha mifugo. Kuni alizitambua kwa mkato wa msumeno. Aliyemsafishia theluji njiani alimtambua kwa alama za matairi.

Miezi saba hiyo. Kalenda ilijaa. Akaketi mezani na fomu ya wakili, akahamisha yote, kila kitu na bei yake. Kuku mtetea, dola tatu. Bakuli la maharagwe, dola moja na nusu. Baada ya hospitali na benki, majina sitini na moja.

Wakili angeiona fomu hiyo angecheka mpaka alie, kisha angeichana. Lakini ilifika ofisini kwake Ijumaa ya kabla ya msimu wa bunduki, zile siku tisa za Novemba za kuwinda kulungu, na siku hizo tisa katika jimbo letu hutampata wakili wala fundi bomba. Binti Buettner alikuwa juu ya mti kaskazini akivizia kulungu, amevaa rangi ya machungwa ya wawindaji. Karani wake mpya akapiga chapa orodha kama ilivyo, akaipeleka mahakamani, na barua zikatumwa.

Jumatano iliyofuata masanduku ya barua ya parokia nzima yakapokea bahasha yenye muhuri wa mahakama. *Unaarifiwa kwamba wewe ni mdai wa Norbert D. Lampereur, kwa kuku wanne na mfuko wa karoti.*

Simu yangu ikalia mpaka ikapata moto.

"Eugénie, umepata yako? Mimi nimeandikwa kabichi!"

"Mimi dola sita! Dola sita za kuni, kwani mimi nauza kuni?"

Clarence Vandertie mwenye baa akaitundika yake ukutani juu ya chupa za brandi. "Mia mbili na kumi na mbili," akawaambia walevi wake, "mimi ndiye mdai mkubwa baada ya benki. Naomba heshima."

Nikaenda kwenye sanduku langu. Bili ya umeme, na tangazo la mbegu. Nikatia mkono mpaka mwisho, nikapapasa. Hakuna.

Nasema kweli, kuandikwa kuku kuliwaudhi watu. Lakini kutoandikwa kabisa! Mimi niliyepeleka pai kumi na nne, zetu za Kibelgiji, plamu chini na jibini juu, Jumamosi moja katika kila mbili! Nikachukua koti, nikavuka shamba kwenye theluji mpaka kwa dada yangu.

Norbert alikuwa mezani, uso mikononi. Rosalie anamenya viazi.

"Shemeji," nikasema kabla sijavua viatu, "nasikia una wadai."

"Wakili aliniambia nisiache hata mmoja."

"Aha. Na hukuacha?"

"Sikuacha."

"Hata mmoja?"

Rosalie akaweka kisu chini. "Eugénie, maneno gani hayo? Mume wangu amejivua nguo mbele ya kaunti nzima, nawe umekuja kumuuliza mbona hukualikwa?"

"Mimi nauliza tu."

"Unauliza na hicho kidevu juu hivyo?"

Norbert alinitazama, halafu akatazama kabati ambamo vyombo vyangu vya pai huwa vinasubiri kurudishwa. Nikaondoka bila kahawa, jambo ambalo sijalifanya nyumba hiyo kabla wala baada.

Binti Buettner alishuka mtini, akarudi mjini na kulungu juu ya gari, akakuta orodha. Akampigia Norbert, na Rosalie akasikiliza kwenye simu ya chumbani, kwa hiyo nami nikajua.

"Bwana Lampereur, umeongeza dola elfu tatu na mia tisa za kuku na viazi!"

"Ni haki yao."

"Sasa ni mia tano ishirini na sita kwa mwezi. Huna. Jaji ataona huna, ataukataa mpango mzima. Krismasi wanaanza kukata. Tuwafute hawa sitini na mmoja, sheria inakuruhusu kuchagua."

"Nimeapa kwenye karatasi kwamba wananidai. Niape tena kwamba hawanidai? Ipi kati ya hizo ya uongo?"

"Basi utapoteza nyumba kwa ajili ya kabichi!"

"Halikuwa kabichi baya," akasema Norbert.

Shauri lilipangwa tarehe kumi na nne Desemba, saa nne asubuhi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, lakini nilipofika sikupata pa kukaa. Walikuja na koti za kanisani, wengine na boti za zizini. Wakili wa hospitali, kijana mwenye mkoba mwembamba, aliwatazama kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Nikapata nafasi safu ya nyuma.

Jaji alikuwa Mnorwei, Halvorsen, mrefu, uso haukunjuki. Akasoma orodha kimya. Akavua miwani.

"Bwana Lampereur, nimekaa kiti hiki miaka kumi na tisa. Hii ni mara ya kwanza kuona kabichi kwenye ombi." Akageukia watu. "Kuna mdai mwenye pingamizi?"

Safu zote zikasimama kwa mpigo. Mabenchi yalipiga kelele kama ng'ombe wasiokamuliwa.

"Mmoja mmoja!" jaji akasema.

Akaanza Odile Massart, ana miaka themanini na fimbo mbili. "Mheshimiwa, hanidai... mimi ndiye... hebu niseme vizuri. Simdai. Nilimpa."

"Ni uongo, Mheshimiwa," Norbert akasema akisimama. "Alinipa kuku wanne, na siku hiyo alikuwa na sita."

"Kaa chini, Norbert, unahesabu kuku wangu?"

"Bwana Lampereur," jaji akasema, "nimeona watu wakipigana kufuta madeni yao. Wewe unapigania kuyabakiza?"

"Ninachotaka ni kulipa, Mheshimiwa."

Jaji akafikiri. "Sheria haina mambo mengi hapa. Mkopo ni deni. Zawadi si deni, hata aliyepewa akitaka iwe. Nitamuuliza kila mmoja aape: ulimkopesha au ulimpa?"

Wakaapa mmoja mmoja. Nilimpa. Nilimpa. Kuni hizo zilikuwa zinanizuia njia. Mmoja aliapa kwamba paja la kulungu lilianguka lenyewe kwenye gari lake mbele ya nyumba ya Norbert, na jaji akamwonya. Akafika Clarence Vandertie, amechana nywele kwa maji.

"Mimi siwezi kuapa uongo. Bia na samaki wa Ijumaa ni mkopo. Anadaiwa, tena namdai mpaka kaburini."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Nadhani angekosa wateja mwaka mzima.

"Lakini," akasema upesi, "nimesikia mtu anaweza kuachwa nje ya orodha hii akalipwa pembeni. Mimi niacheni pembeni. Tutamalizana kwa karata. Anacheza vibaya, lakini mimi nina subira."

Jaji akafuta. Akafuta sitini. Akafika mwisho wa karatasi, akairudisha miwani.

"Namba sitini na moja. Jina: hajulikani. Pai kumi na nne za plamu. Dola ishirini na nane." Akainua macho. "Nani huyu?"

Chini ya vyombo vyangu hakujawahi kuwa na utepe, msomaji. Tangu niolewe sijabandika jina kwenye chombo, kwa sababu ukingo wa pai yangu naufinya kwa namna ambayo hakuna mwanamke mwingine kaunti hii anaiweza, na asiyeijua hastahili kuila.

"Hukumjua aliyeleta?" jaji akamuuliza Norbert.

"Hakuandika jina, Mheshimiwa," Norbert akajibu taratibu, hageuki nyuma. "Mtu asiyeandika jina hataki kutajwa. Lakini pai nilizila."

Rosalie alikuwa amekaa karibu na ukuta. Yeye aligeuka. Wiki tatu nilikuwa nimenuna nikitaka jina langu lisomwe mahakamani, na sasa mlango ulikuwa wazi: nisimame tu. Nikaona watu wengine nao wananiangalia kwa pembe ya jicho, hasa Odile. Nikafunga mkoba wangu. Nikatazama dirisha, theluji ilikuwa imeanza.

Sikusimama.

"Hakuna aliyejitokeza kuapa kwamba ni zawadi," jaji akasema. "Basi inabaki." Wakili Buettner alipiga hesabu upesi: bado mia nne na kumi na moja na senti kidogo. Jaji akagonga meza. Mpango umepita.

Hiyo miezi thelathini na sita sitaieleza mwezi kwa mwezi, ilikuwa na maharagwe mengi. Kalenda ilihamia nyuma ya mlango, na kila mshahara ulipokatwa fungu Norbert alichora mstari. Mwezi wa kumi na tatu tanuru la kupasha nyumba lilikufa mnamo Januari; wakalala sebuleni karibu na jiko la kuni, Rosalie akisema anajisikia bibi harusi. Mwezi wa ishirini na mbili gari likavunjika injini, na bila gari hakuna kiwanda. Mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Chicago akaja na pesa mkononi, anataka sufuria ya Jean-Joseph, mteja wake apande maua ndani yake.

"Maua," Rosalie akamwambia. "Subiri hapo nje, bwana. Mbali kidogo na mbwa."

Norbert akauza bunduki yake ya kulungu. Novemba ile alibaki nyumbani, mwanamume peke yake katika parokia nzima, akatusaidia kuoka. Mkono wake wa unga si mbaya.

Mstari wa thelathini na sita aliuchora Desemba ya 1990. Hospitali ililipwa, benki ikalipwa. Clarence naye alikuwa ameshalipwa, ingawa kwa karata hizo sijui nani alimlipa nani. Norbert hakufanya sherehe. Alikuwa na miaka sitini na saba, na mabega yake yalikuwa yameanza kugoma.

Wiki mbili baadaye akavuka shamba mpaka jikoni kwangu. Akavua kofia, akakaa palepale. Mkononi ana bahasha, na kwapani kitu kirefu kimefungwa gunia.

"Msimamizi amerudisha hii," akasema, akaweka bahasha mezani. "Dola ishirini na nane. Miaka mitatu amemtafuta mdai wa mwisho, hampati. Anasema nimpelekee mwenyewe nikimjua."

"Na unamjua?"

"Kwa ukingo wa pai, Shemeji. Tangu ile ya kwanza."

Nikamimina kahawa ili nipate pa kutazama. "Basi ulijua, ukaniacha nivimbe wiki tatu."

"Nilitaka kuandika jina lako. Rosalie akasema: dada yangu akitaka jina liwekwe huwa analiweka mwenyewe, tena kwa herufi kubwa."

"Hizo pesa sizitaki."

"Hapana, utazichukua. Sitaki kubakiza hata moja." Akaisukuma bahasha mpaka ikagusa kikombe changu. "Lakini sijamaliza. Sasa hesabu na wewe. Pai kumi na nne nimelipa. Na buya uliyokula miaka thelathini na moja, nani kalipa?"

"Haa! Mimi namenya viazi magunia!"

"Unamenya ukiwasema wapishi. Moto mkubwa, chumvi kidogo, mbona kabichi mapema. Miaka yote hiyo. Parokia nzima inasikia." Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na mwiko, ule wa mti wa mepo, mrefu kama kasia, umeungua ncha kwa miaka mia. Akaulaza juu ya meza yangu, ukaangusha bakuli la sukari.

"Norbert, mwanamke hajawahi kushika huo."

"Najua. Padre nimeshamwambia. Akasema tutaona. Nikamwambia hatutaona, Eugénie atashika." Akavaa kofia. "Sufuria nitaileta na trekta theluji ikiyeyuka. Hizo ishirini na nane nunulia kuku wa buya, wale wazee, uchague mwenyewe. Na orodha ya atakayeleta kitu, Shemeji, usiandike."